Mabati Chini ya Godoro la Shemeji

Kwamba nyumba yangu ya Soweto, pale Mbeya, ina thamani mara nyingi kuliko gharama niliyoijengea, nimesikia tu. Wanaosema hivyo hawajawahi kuniletea mnunuzi. Nitakayoyaeleza hapa niliyaona, na mengine yalinipata.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa nikifundisha hesabu Iringa. Kuta za nyumba hiyo zilikwisha kusimama, za matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo, kwa kuwa saruji ilinishinda. Kenchi za paa nazo zilikuwa juu tayari. Yalibaki mabati thelathini na sita, na yalipaswa kupigwa kabla ya mvua, la sivyo udongo ule ungeyeyuka na kuta zingelala chini. Wakati wa likizo fupi niliuliza bei dukani mimi mwenyewe, nikaiandika kwenye karatasi ya grafu, nikarudi Iringa kuweka akiba posta.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alilima viazi milimani nje ya mji. Yeye hakuweka fedha popote. Kila baada ya mavuno alinunua bati moja au mawili akayalaza kitandani, chini ya godoro. Kitanda kilipanda mwaka hata mwaka, mpaka mke wake akaweka kigoda cha kupandia.

"Shemeji," nilimwambia, "chuma hakizai riba."

"Ni kweli, Mwalimu. Ila hakipungui."

Nilicheka, tena kwa sauti.

Baada ya miezi michache, mwalimu mwenzangu alirudi kutoka Mbeya na habari kwamba mabati yamepanda bei.

"Umeona, au umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia kwa mtu aliyenunua."

"Basi hujui."

Mke wangu, aliyekuwa akituandalia chai, alisema, "Nenda basi ukaone."

Nikamjibu kwamba sipandi basi kwa ajili ya uvumi. Nilingoja likizo ya mwisho wa mwaka.

Niliingia lile duka na karatasi yangu mkononi. Mwenye duka aliisoma kwa heshima kubwa, akaniuliza kama ni ya marehemu baba yangu. Akiba yangu yote, pamoja na riba yake, ilitosha mabati ishirini na mawili. Nje, mawingu yalikuwa yameshaufunika mlima.

Nilikwenda kwa shemeji kwa miguu, nikitunga njiani namna ya kuanza. Hakuniacha nianze.

"Yamepungua mangapi?"

"Kumi na manne."

"Umeona, au umesikia?"

Kumbe dada yake alikwisha kumsimulia. Mke wake aliangua kicheko, akalazimika kutoka nje. Shemeji aliniongoza chumbani, akaondoa godoro, akaniamuru nihesabu mwenyewe, maana yeye, alisema, hajasoma. Yalikuwa kumi na saba.

"Chukua yanayokutosha. Lakini utanirudishia mabati. Fedha zako sizitaki, Mwalimu. Zinayeyuka kuliko udongo wa kuta zako."

Fundi alipiga bati la mwisho kesho yake, saa nane mchana. Kabla hajashuka ngazi mvua ilianza. Nilisimama ndani nikiwa nimeweka kiganja ukutani, na ukuta ulibaki mkavu.

Kuyarudisha kulinichukua miaka yote iliyosalia ya muongo ule, na kila bati lilinigharimu zaidi ya lililotangulia. Wapo wanaosema kwamba shemeji alijua mapema jinsi bei zitakavyokwenda. Mimi sikumsikia akilitamka hilo.

Bati la kumi na nne nililibeba kichwani mwenyewe kutoka dukani, nikaliingiza chini ya godoro mchana kweupe. Mke wake alisimama mlangoni akapima kwa macho kimo cha kitanda. Kisha akakileta kile kigoda, ambacho siku zote hizo kilikuwa jikoni, akakirudisha mahali pake.