Dada wa duka la vepu amekataa kuniuzia

Leo nimekataliwa dukani nikiwa na hela mkononi, na aliyenikatalia namsifia hadi sasa.

Niliingia duka moja hapa Moshi mjini kutafuta vepu, ile sigara ya umeme. Mimi sijawahi kuvuta, ila wageni ninaowapandisha mlimani wanazo, nikatamani.

"Dada, ipi ni salama kwa anayeanza?"

Akanitolea tatu. Nikachagua ya bluu.

"Sigara umevuta miaka mingapi?" akauliza.

"Hata siku moja."

"Na kazi yako?"

"Naongoza wageni Kilimanjaro."

Jamani, akairudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo!

"Kaka, hizi nawauzia wanaohangaika kuacha sigara. Kwa wewe usiyevuta, hakuna iliyo salama. Mdogo wangu alianza kwa mchezo, leo kuacha kumemshinda. Mapafu yako ndiyo yanakulisha."

Mama mmoja aliyekuja kununua chaja akacheka sana. Nikatoka kwa aibu na hasira.

Nilipofika barabarani nikayawaza maneno yake, hasira zikaisha. Nikarudi kumshukuru.

Akatabasamu. "Ukishuka mlimani salama, pita unisalimie."

Nitapita.

Semeni ukweli, nani kati yenu angemkatalia mteja hivyo?