Mshale Uliolalia Mvua

Tangu ahamie kwa mwanawe juu kilimani, dobi hakuwa ameanika nguo nje hata mara moja. Jua liliwaka, majirani wakaanika, wakaanua, wakakunja. Yeye alifunga kamba sebuleni, kutoka dirishani hadi kabati la vyombo, na watu wa nyumba wakapita kati ya mashuka mabichi kwa kupapasa.

Sababu ilikuwa ukutani. Marehemu mumewe, fundi mitambo, alimwachia kipimahewa: kisanduku cha shaba cha duara, chenye kioo na mshale. Bondeni walikoishi miaka yote, mshale ukipanda, hewa imekuwa nzito, inashuka na kuyayeyusha mawingu. Ukianguka, hewa imepungua uzito, inapanda, inapoa huko juu na kuleta mvua. Kila asubuhi dobi alikigonga kioo kwa ukucha kabla ya kuloweka nguo, na mshale haukuwahi kumtia aibu. Huku kilimani ulikuwa umelala upande wa mvua tangu siku ya kuhamia.

"Mama, jua lile," mkwewe alisema, akiokota soksi ya mtu kwenye sufuria. "Hata kuku wanatafuta kivuli."

"Mshale unasema mvua."

"Basi mshale ukaanike wenyewe!"

Alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Dobi naye alikuwa na lake moyoni. Matroni wa bweni la wanafunzi alikuwa amemrudishia mablanketi, yananuka uvundo. "Safari ijayo nayataka makavu kabisa, mama," alisema bila ukali, "la sivyo nitayapeleka kwa wenye mashine." Kazi hiyo ndiyo pekee iliyombakia. Bila hiyo angekuwa mgeni katika nyumba ya mtoto wake, mtu wa kuulizwa tu kama amekula.

Akajikaza kisabuni, akatia kipimahewa kapuni, akateremka bondeni kwa fundi saa, rafiki wa marehemu.

Fundi alikifungua, akapuliza vumbi, akakigeuza huku na huku. "Shemeji, hiki kizima kuliko mimi."

"Kizima wapi? Si kimelala?"

"Tazama mwenyewe."

Mshale ulikuwa umesimama pale ulipozoea kusimama siku za jua. Dobi akashusha pumzi, akashukuru, akapanda kilima. Alipokitundika ukutani, mshale ukalalia mvua vilevile.

Akashuka tena kwa hasira, kapu likimpiga pajani, akipanga maneno ya kumwambia fundi. Kwenye bomba la maji akaketi apumzike, akakitoa ili akitukane ana kwa ana. Mshale ulikuwa umejisogeza. Akashuka hadi darajani, akatazama: umepanda. Akarudi bombani: umeshuka. Wachota maji wakaanza kumtazama kwa ile huruma wanayopewa wajane wanaoongea na vitu.

Aliposimulia, fundi alicheka hadi akavua miwani. "Kumbe umehamia juu, wala husemi! Shemeji, hewa imetulalia kama rundo la mablanketi. Huku chini tumefunikwa na rundo zima. Ukipanda kilima, mengine umeyaacha chini yako. Mshale unahisi wepesi, unadhani ni mvua."

"Na mimi muda wote huo nawanusisha watu uvundo!"

Akamwonyesha skurubu ndogo mgongoni mwa kisanduku. "Ukifika, izungushe hadi mshale usimame hapa ulipo sasa. Usipige soga njiani, hewa nayo haisubiri mtu."

Kesho yake, siku ya mablanketi ya bweni, mbingu iliamka ya kijivu.

"Leo kweli mvua, mama," mkwewe alisema. "Nifunge kamba ndani?"

Dobi akagonga kioo. Mshale ulikuwa umepanda kupita pale alipouweka jana kwa skurubu. "Funga nje."

"Nje? Na mawingu haya?"

"Nje, mwanangu. Ikinyesha, nicheke mpaka uchoke."

Wakaanika yote, kamba zikalegea kwa uzito. Dobi hakuthubutu kuketi. Alizunguka uani, akishika pindo hili na lile, hadi kijivu kikaanza kuchanika, na kivuli chake mwenyewe kikatokea miguuni. Alasiri mkwewe alivuta blanketi moja, akalinusa, akalibana shavuni.

"Kavu," alisema taratibu. "Kavu kabisa, mama."

Wakashika ncha, mmoja huku, mwingine kule, wakakunja wakisogeleana hadi mikono ikakutana.

"Lete jingine," dobi akasema.