Tiki za Mwezi wa Nane

Burulkan, nesi wa zahanati yetu, hakuwahi kuchelewa kazini kwa miaka ishirini na sita, na alihakikisha kila mtu analijua hilo. Mimi ni mfagizi wa zahanati hiyohiyo. Cheti alichopewa wilayani, cha kadi nadhifu kuliko zote za kifua kikuu, nilikipangusa vumbi kila Jumatatu kwa amri yake.

Mgonjwa anatakiwa aje kila siku, ameze vidonge nesi akimwona, kisha nesi atie tiki kwenye kadi. Lakini kwetu ikifika mwezi wa sita kondoo wanapanda malishoni milimani, na wenye kondoo wanapanda nao mpaka baridi irudi. Nani atamzuia mchungaji kwa ajili ya vidonge? Basi Toktosun, mchungaji mzee aliyekuwa kwenye dawa hizo, alipokuja kuaga, Burulkan akamfungia vidonge vya kiangazi chote kwenye mfuko, akamwambia maziwa ya farasi, kinywaji chetu cha malishoni, nayo yatamsaidia kifua. Alipotoka, akaketi akatia tiki zote kwa mkupuo, mpaka siku ya mwisho ya mwezi wa nane. Nilikuwa napiga deki palepale, nikajifanya sioni.

Katikati ya mwezi wa saba akaja Daktari Ermek kutoka mji mkuu, Bishkek, mshauri aliyetumwa na mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu kuzisaidia zahanati za milimani. Kijana mpole. Aliisoma kadi ya Toktosun, akatazama kalenda ukutani, akairudia kadi. Burulkan akamuwahi: hizo tiki za mbele ni haraka ya mkono tu, lakini za mpaka jana ni za kweli, yeye hupanda kule kila siku kwa farasi. Nilitaka ardhi ipasuke. Burulkan anaogopa farasi tangu utotoni, na kijiji kizima kinajua.

“Vizuri, dada,” daktari akasema. “Basi leo tupande wote, kwa gari.”

Kikohozi cha Toktosun tulikisikia kabla hatujafika kwenye hema lake. Alikuwa amebaki mifupa. Hata hivyo tulikaribishwa kama wageni wa harusi: mkate, malai, mabakuli ya maziwa ya farasi, na Burulkan akakalishwa mbali na mlango, mahali pa heshima. Daktari akauliza kama nesi huja kila siku. Toktosun akamtazama Burulkan, na nadhani aliiona hofu usoni mwake.

“Anakuja,” akasema. “Mvua inyeshe, jua liwake, huyu dada anakuja. Sijakosa hata kidonge kimoja.”

Alimfichia aibu mgeni wake. Huo ndio uungwana wetu, na siku hiyo niliuchukia. Daktari akamweleza taratibu. Kama amemeza kila siku na bado yuko hivi, basi huenda vijidudu vyake vimezizoea dawa hizi. Itabidi ashuke leo, alazwe mjini miezi mingi, apewe dawa kali zaidi. Mkewe akaacha kumimina maziwa. Toktosun akainamisha kichwa na kusema sawa.

Nilimkanyaga Burulkan mguu. Akauvuta. Nilimwona akipima jina lake na maisha ya yule mzee, na Mungu anisamehe, kwa muda ule sikujua lipi litakuwa zito kwake.

“Sijapanda hapa hata siku moja,” hatimaye akasema. “Nimetia tiki zote mwezi wa sita, nimekaa kwenye kiti.”

Toktosun akafunika macho kwa kiganja. Akakiri kwamba alimeza wiki mbili, akapata nafuu, akaona maziwa yatamalizia. Mkewe akauleta mfuko wa vidonge, umepungua kidogo tu.

Daktari hakumgombeza mtu. Alimpa Burulkan ile kadi, aliyokuja nayo, na kalamu ili kando ya kila tiki aandike “hakuonekana”, na Burulkan akaandika mbele yetu sote, tiki moja baada ya nyingine. Alipokuwa bado anaandika, daktari akauliza nani mwingine humu ndani anakohoa.

Mkamwana wa Toktosun, ambaye kwa desturi yetu hasemi mbele ya baba mkwe, akainua mkono. Alikuwa na mimba kubwa. Hakumwangalia daktari, akamwambia Burulkan kwa sauti ya chini:

“Wiki ya tatu sasa, dada. Nilikuwa natoka nje kukohoa, baba asinisikie. Nilisubiri siku utakayokuja nikuambie.”

Burulkan akaacha kuandika. Akajifunika uso kwa ushungi wake, mwanamke wa miaka hamsini na nne, akalia pale pale mahali pa heshima.