Gauni la Idi Lisilo na Mikono

Uweso, fundi cherehani wa Chumbageni, alijaaliwa vitu viwili: mikono ya kushona na mdomo wa kusema. Kanzu aliyoitia darizi yeye ilijulikana kabla aliyeivaa hajafika karibu ukampa mkono. Na mdomo wake ulijulikana zaidi, maana kila alasiri kibaraza chake kilijaa watu waliokuja kumsikiliza, wengine bila hata kipande cha kitambaa cha kumpa ashone. Zubeiri muuza kahawa aliliona hilo mapema, akahamishia mdila wake pale pale.

Miaka hiyo ya hamsini siasa ilikuwa imeingia mpaka jikoni. Wapo waliokata kadi ya chama cha kudai uhuru, na wapo waliosimama na Jumbe wa mtaa, aliyewekwa na serikali. Uweso alikuwa na kadi, na aliitunza kwenye mkebe mmoja na sindano zake.

Zamani chanjo ya ndui haikuwa na maneno. Bwana chanjo akipita, watu walinyoosha mkono, wakakunja uso, wakarudi zao kula. Uweso mwenyewe alikuwa na kovu lake begani tangu utoto, na hakuna aliyewahi kumuuliza lilikuwa la upande gani. Lakini mwaka ule Jumbe alizuia mkutano wa chama pale Mabawa, na juma lililofuata Jumbe huyo huyo akapiga mbiu: ndui imeonekana vijiji vya pwani, watu wote waende Usagara wakachanjwe.

"Loo!" alisema Mselem, mpakizi wa bandarini, mtu ambaye hakujaaliwa kunong'ona. "Juma lililopita mikono yetu haikufaa kunyanyuliwa mkutanoni. Leo inatakiwa!"

Kibaraza kizima kikacheka. Uweso, asiyependa kushindwa kwa maneno nyumbani kwake, akainuka kwenye cherehani. "Mwanangu mimi hachanjwi kwa amri ya Jumbe," alisema. "Mpaka Jumbe aje hapa, aketi hapa, aniombe radhi."

Wakampigia makofi. Zubeiri akammiminia kikombe cha kahawa na kumwambia, "Fundi, usemalo wewe ndilo langu. Na mimi siendi."

Tangu siku hiyo chanjo ikawa na upande. Ukionekana kwenye foleni ya Usagara, wewe ni wa Jumbe. Wakubwa wa chama hawakulisema neno hilo hata mara moja. Watu walilitunga wenyewe vibarazani, na kama yalivyo mengi ya vibarazani, likashika nguvu kuliko la wakubwa.

Nyumbani mambo hayakuwa ya makofi. Mtoto mwenyewe ni Mwatima, binti yake wa pekee, ndio kwanza anajifunza kusimama. Mkewe, Asmahani, alimwambia, "Baba Mwatima, maneno ya barazani yaache barazani."

"Nimeshasema mbele za watu."

"Na mtoto ulimzaa mbele za watu?"

Uweso akaenda kwa mama yake kutafuta wa kumuunga mkono. Mama yule uso wake wote ulikuwa vishimo vya ndui ya utotoni, ndui iliyowachukua nduguze na kumwacha yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitazame vizuri, mwanangu." Akamtazama. "Umeniona? Basi, nenda kazini kwako."

Uweso akarudi kazini, roho nzito. Siku zilizofuata watu walianza mapema kuja kupimwa kanzu za Idi, na Mselem akawa wa mwanzo. Futi ya kupimia ilipomgusa mkono wa kushoto, jitu zima lile liliruka.

"Taratibu, fundi!"

"Una nini?"

"Gunia limenigonga."

Baada yake akaja mwingine wa kibarazani, akataka mkono wa kushoto uwe mpana kidogo, jipu linamsumbua. Halafu akaja wa tatu, naye alikuwa na lake. Uweso hakuwa mjinga. Chanjo mbichi inauma na kuvimba, na kwa jinsi alivyoona yeye, waliokuwa wakipiga kelele pale kibarazani walikwenda Usagara kimya kimya, mmoja mmoja, kila mtu akijua la kwake.

Alikasirika, Mungu ndiye ajuaye. Lakini fundi hasemi aliyoyaona akipima miili ya watu, kwa hiyo akanyamaza. Kisha hasira ikapoa, ikabaki hofu peke yake. Wenzake walikuwa na mikono mirefu ya kanzu ya kufichia. Mwatima alishinda kifua wazi pale kibarazani, akipokezwa toka paja hili hadi paja lile. Akichanjwa leo, kesho Chumbageni nzima wamejua, na yeye ndiye aliyeapa kwa sauti kuliko wote. Alijua anachofanya ni ujinga na hakujua jinsi ya kuuacha.

Aliyemtoa alikuwa Mwanakhamis, mtoto wa shangazi yake. Mwanakhamis alikuwa mke wa tarishi wa Jumbe, yaani wa upande ule hasa, na tangu kadi zianze walikuwa wamepunguziana kutembeleana. Lakini utani wa binamu hauna kadi. Binamu yako akikutekea kitu chako, huna ruhusa ya kununa. Utacheka, na utakikomboa kwa atakachotaka. Mwanakhamis aliwahi kumtekea kofia Ijumaa, Uweso akiwa njiani kwenda msikitini, naye akaikomboa kwa samaki wa changu wazima.

Alasiri moja akatokea na buibui lake, kibaraza kimejaa.

"Uweso, mume wangu! Ulinikimbia mimi ukaoa mzuri, sasa na mtoto umezaa mzuri. Haiwezekani." Akainama, akampakata Mwatima. "Nimeteka!"

"Mrudishe mwanangu, mchawi we!" alisema Uweso kwa mazoea.

"Nitamrudisha nikishamtia alama. Kitu cha kuteka hutiwa alama!" Na huyo, akashika njia ya Usagara.

Watu walicheka wakashika mbavu. "Fundi, umetekwa!" alipiga kelele Mselem. Kisha kicheko kikapungua na macho yote yakamgeukia Uweso. Kumfikia ilikuwa hatua chache tu. Alisimama mlangoni, futi shingoni, akaona njia ambayo hakuna aliyeweza kumfungulia ila mtu wa upande wa pili, akamshukuru Mungu kimoyomoyo kabla hajafungua kinywa.

"Mwacheni," alisema. "Akishalowa mkojo atamrudisha mwenyewe."

Wakacheka tena, akarudi kwenye cherehani. Uzi ulimkatikia kila alipoanza mshono.

Mwanakhamis alirudi na mtoto analia, mkono umechanjwa. Uweso alipompokea ndipo alipotambua kwamba Mwatima alikuwa ameogeshwa na kupakwa mafuta, siku ya kazi, bila safari. Akageuka kumtazama Asmahani mlangoni. Asmahani alikuwa anatazama juu, kama anayetafuta mvua.

"Komboa," alisema Mwanakhamis. "Nataka gauni la Idi."

"Gauni gani litakuenea wewe, pipa la mafuta?"

"Pima kwanza, ndipo utukane."

Akampima. Alipokuwa karibu na sikio lake, neno la shukrani lilimjaa kinywani. Mwanakhamis akamwahi, kwa sauti ya chini: "Usiniambie kitu. Utaniharibia utani."

Ndui ilifika Chumbageni kabla ya mwezi wa Ramadhani. Ilimpata Zubeiri. Walimpeleka kwenye kambi ya wagonjwa nje ya mji, na kibaraza kikakaa bila kahawa, hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake usoni. Mungu alimrehemu, akapona. Aliporudi, uso wake ulikuwa kama wa mama yake Uweso. Akawasha jiko lake, akawamiminia wote, akasema kwa moyo safi kabisa:

"Ajabu ya Mungu, ninyi nyote imewaruka. Mlisoma dua gani? Nifundisheni na mimi."

Mselem akainamia kikombe chake. Uweso alitamani ardhi impasukie.

Asubuhi ya Idi alitoka na Mwatima begani. Mtoto alikuwa amevaa gauni la kitambaa kile kile cha gauni la Mwanakhamis, limepambwa lesi shingoni, halina mikono kabisa. Kovu lilikuwa wazi, jipya, linang'aa kwa mafuta.

"Fundi, kitambaa kilikupungukia?" aliuliza Mselem.

"Hakikupungua. Nimemshonea hivi Zubeiri aione ile dua."

Zubeiri akaweka mdila chini, akaligusa kovu kwa kidole gumba, akamtazama Uweso. Hakumlaumu, na hilo Uweso alilishukuru maisha yake yote. Mselem taratibu akakunja mkono wa kushoto wa kanzu yake mpya mpaka begani.

Hapo ndipo Mwanakhamis alipofika, ndani ya gauni lake. "Mshonee mtoto wa mke mwenzangu mikono, ataona baridi!"

"Ahsante, Mwanakhamis," alisema Uweso, kwa sauti, mbele za watu. "Ahsante, ndugu yangu."

Mwanakhamis alikaa kwenye ukingo wa kibaraza akajifuta macho.