Kicheko cha Katekista

Pale Ulyankulu, kwenye makazi ya waliokimbia Burundi, hakuna aliyebishana na Dismasi mambo ya dini akatoka salama. Ni katekista wa kigango, na mdomo wake hauna breki. Hata wahubiri wa barabarani wakimwona hubadili njia.

Mwaka juzi mvua za kwanza ziliponyesha, mama yake, Esperansi, hakushika jembe. Mhubiri mmoja wa redioni alikuwa ametangaza kwamba dunia haitafika mavuno. Mama akakaanga karanga, akaanika mihogo, akafunga mizigo. Kila jioni akamwambia mwanawe, "Dismasi, waandae watoto. Tusikutwe tumekaa."

Dismasi aliona aibu, tuseme ukweli. Mama mzazi wa katekista kukimbizwa na redio! Siku jumuiya iliposali nyumbani kwake, akamweka mama kiti moto mbele ya majirani. Akafungua Maandiko, akamhoji kama mtoto wa kipaimara. Siku ipi? Saa ngapi? Na kama dunia inaisha, karanga za nini? Watu mbavu hawana. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote.

Kesho yake Esperansi akapanda maharage. Dismasi akatembea kifua mbele, akijiona ameokoa shamba na imani kwa mpigo mmoja. Ilimchukua muda mrefu kugundua kwamba mama hamwambii tena neno la maana. Ni salamu, chakula, basi.

Aliyemfumbua macho ni mama yake mkubwa, Apolinaria, alipokuja kutoka Urambo kuwasalimia. Dismasi alimsimulia kisa kile kwa mbwembwe zake zote. Mama mkubwa hakucheka.

"Unajua babu yako alikufaje?"

"Aliuawa kule Burundi, mwaka sabini na mbili."

"Alikufa kwa kucheka. Jirani alikuja kutuambia tukimbie. Babu yako alikuwa mwalimu wa dini, mtu wa maneno kama wewe. Akamcheka mbele ya watu, akamuuliza habari hizo kazitoa wapi. Mama yetu akatusukuma sisi wasichana wawili tumfuate jirani. Waliobaki pale nyumbani hatukuwaona tena. Sasa mdogo wangu akisikia kuna kitu kinakuja, unataka akae na wanaocheka?"

Maneno hayo yalimkata Dismasi maini. Majibu alikuwa nayo tele, miaka yote hiyo, ila hakuwahi kumuuliza mama yake anaogopa nini.

Alimkuta nyuma ya nyumba akichambua maharage. Akaketi chini, karibu naye.

"Mama, nisamehe. Niambie ulichokuwa unakiogopa. Leo nitasikiliza tu."

Esperansi aliendelea kuchambua. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Nimeshakusamehe, baba. Lakini kikija tena, nitawachukua wajukuu zangu niondoke nao. Wewe sitakuambia."