Ng'ombe wa Gehandu

Mwaka jana binamu yangu alikuja Maretadu kutoka Kanada kumchukua mama yangu. Hakusema hivyo alipofika. Kwanza alilia, akamkumbatia mama, ambaye hakuwahi kumwona, akapiga picha kuku wetu wote. Kesho yake, tukichambua maharage uani, ndipo aliponigeukia na kuniambia kwa Kiingereza kwamba kwake kuna chumba, hospitali iko karibu, na mama amekaa ugenini vya kutosha.

Ugenini! Nilitaka kumrushia ungo. Lakini niliogopa pia, sifichi. Magoti ya mama yamechoka, na tangu binamu afike alikuwa anaongea naye Kipolandi asubuhi hadi jioni, akicheka kama msichana. Sisi hatukumpa raha hiyo hata siku moja. Niliogopa atasema ndiyo.

Mama alizaliwa Poland. Vita vilipoanza, familia yake ilitolewa nyumbani na kupelekwa kwenye baridi kali, na baba yake alifia huko. Yeye, mama yake na dada yake wakavuka nchi nyingi mpaka kambi ya wakimbizi karibu na Arusha. Bibi akazikwa pale pale kambini. Kambi ilipofungwa, dada, ndiye mama wa binamu huyu, alipanda meli kwenda Kanada, mama akabaki kwa masista kusomea uuguzi, kisha akaletwa zahanati huku Mbulu. Ukimwuliza kwa nini hakumfuata dada yake baadaye, anasema alikuwa na kazi nyingi. Kazi yenyewe tunaijua: mwalimu mmoja mrefu, Mwiraqw wa huku huku, aliyekuwa anaumwa kitu kipya kila wiki. Huyo ndiye baba yetu.

Watu wengi wazima wa hapa walipokelewa na mikono ya mama walipozaliwa, na leo wanamwamkia shikamoo wakiwa na wajukuu wao. Nikipita naye sokoni natembea kifua mbele.

Kitu kimoja alitoka nacho kambini: chuki ya foleni. Alikuwa amesimama miaka mingi na bakuli la bati akingoja kupakuliwa, akaapa kwamba watoto wake hawatakula cha kupewa. Jirani akituletea boga, kikapu hakikurudi kitupu.

Nilipokuwa mdogo, mkesha wa Krismasi mama alikuwa anapika kama kwao: hakuna nyama, hakuna maziwa. Kabichi iliyochachushwa, maharage, na vipande vya unga wa ngano vilivyojazwa viazi na kuchemshwa. Mezani aliweka sahani moja ya ziada kwa mgeni yeyote atakayetokea. Miaka yote hakutokea mtu, nasi tulikuwa tunaigombania.

Mwaka mmoja, jua likizama, akatokea mzee wa Kibarbaig, mfugaji kutoka Gehandu, akifuata mtamba wake aliyepotea. Mama alimwamkia, akamkalisha kwenye ile sahani. Mzee akala kabichi kwa adabu kubwa, huku macho yake yakizunguka. Sikukuu bila nyama. Kibuyu cha maziwa hakuna. Zizi tupu, kwa kuwa baba alikuwa amewaweka ng'ombe wetu kwa ndugu zake, kama desturi yetu ilivyo, ili ugonjwa ukiingia boma moja usiwamalize wote. Mzee hakuyajua hayo. Alishukuru, akaenda zake.

Mahindi yalipoanza kukauka, alirudi akiswaga ng'ombe wa maziwa na ndama wake.

"Mama, huyu utamkamua," akasema. "Watoto wapate maziwa."

Mama akawa mwekundu mpaka shingoni. Akamwambia asante mzee, lakini sisi tuna ng'ombe, wako kwa shemeji zangu, na mimi si mkimbizi tena, silishwi na mtu. Baba alijaribu kumtuliza, akaambiwa anyamaze. Mimi nilikuwa namtazama yule ndama na kuomba moyoni mama ashindwe.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Mama, mtu mwenye njaa sisi tunampa maziwa tu. Anakunywa, anaenda. Ng'ombe tunampa mtu ambaye hatahama. Huyu bado ni wangu, na ndama zake ni wangu. Sasa niambie, nikija mwaka kesho nitakukuta hapa ama sitakukuta?"

Tangu utotoni, kila mtu aliyempa mama kitu alikuwa anangoja aondoke. Machozi yakamtoka mbele yetu, naye akanyoosha mkono akapokea kamba.

"Utanikuta," akasema.

Mzee alikuja mwaka uliofuata, na mingine mingi. Alipofariki walianza kuja wanawe, sasa wanakuja wajukuu. Huwa wanahesabu mifugo yao, wanakunywa chai, na kila mara wanaacha mmoja wa kukamua.

Binamu aliposema neno lake siku ile uani, mama, aliyekuwa karibu, alimsikia. Aliomba fimbo yake, akamshika mkono na kwenda naye pole pole mpaka zizini. Mimi nikafuata. Akamwonyesha jike jekundu lenye ndama, akasema maneno machache ya Kipolandi. Binamu akainama, akampapasa ndama.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia huyu ni ng'ombe wa watu wa Gehandu," mama akasema. "Wakija nisipokuwepo, watasema nini?"