Mabawa ya senene ndani ya gari "mpya"

Leo muuza magari wa Bukoba kaniita mshamba mbele ya mume wangu!

Mimi nilitaka tununue ya jirani yetu, iliyotumika, inavuta tairi zote nne. Mume wangu akang'ang'ania mpya.

Nikauliza, hii ni mpya kweli?

"Mama, imeshuka melini juzi kutoka Japani. Ukitaka zilizochoka, kwenu Muleba zipo."

Mume wangu ananikanyaga mguu ninyamaze. Kalamu keshashika!

Nikafungua buti, nikanyanyua kapeti.

Mabawa na miguu ya senene, wale panzi tunaowakaanga huku kwetu, vimekauka, vimejaa mpaka chini ya spea tairi.

"Kaka, Japani nako wananyonyoa senene?"

Aliyejibu ni mume wangu: "Lakini rangi yake nzuri."

Gari nimeiacha palepale. Huyu mwanaume bado nafikiria. Nishaurini.